Mabwawa madogo ya udongo: Ishara za hatari ambazo kijiji hakifai kupuuza

USIKU wa Mei 9, 2018, ukuta wa udongo wa bwawa lililojulikana kama Patel ulibomoka katika eneo la Solai, Kaunti ya Nakuru, baada ya majuma kadhaa ya mvua kubwa. Maji, tope na mawe yalishuka mteremkoni na kusomba makazi ya familia zilizokuwa zimekwisha kuingia majumbani. Watu wasiopungua 47 waliangamia, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Bwawa hilo halikuwa miongoni mwa yale yanayotajwa katika vitabu vya shule, kama vile Masinga au Turkwel. Lilikuwa bwawa la shamba, moja kati ya silanga nyingi zilizotapakaa katika Bonde la Ufa na kwingineko nchini. Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) ilieleza baada ya mkasa kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali.

Msiba wa Solai ulidhihirisha jambo ambalo wahandisi wa maji wamelijua kwa muda mrefu. Udogo wa bwawa si kipimo cha usalama wake. Kinachopima hatari ni idadi ya watu wanaoishi upande wa chini, na hali ya ukuta unaowatenga na maji.

Aidha, ni nadra ukuta wa udongo kuanguka bila kutoa onyo. Wahenga waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, walitoa mfano unaolihusu bwawa la udongo neno kwa neno. Tofauti ni kwamba hapa anayepuuza ufa huenda asipate nafasi ya kujenga tena.

Kazi ya bwawa la kuzuia mafuriko

Bwawa la kuzuia mafuriko halijengwi ili kuweka maji kwa muda mrefu. Huyapokea maji ya mvua yanayoteremka kwa ghafla, huyashikilia kwa saa au siku chache, kisha huyaachilia polepole kupitia bomba lililo chini ya ukuta. Kwa njia hiyo, kiasi cha maji ambacho kingepita mjini kwa saa moja hupita kwa siku nzima bila kuvuka kingo za mto.

Haja ya mabwawa ya aina hiyo inaeleweka vyema mjini Narok. Mji huo uko mahali ambapo mikondo ya msimu ya Kakia na Esamburmbur hukutana. Mwezi wa Aprili 2015 maji yalishuka kutoka milimani kwa muda mfupi yakafurika mjini na kuwaua watu zaidi ya kumi. Mafuriko ya aina hiyo hayangojei mtu ahamishe mali yake. Dawa yake ni kuyapunguza kasi kabla ya kufika mjini.

Nchini Tanzania, mji wa Kilosa katika mkoa wa Morogoro ulipatwa na janga la mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maelfu ya watu walipoteza makao na Reli ya Kati ikakatika. Tangu hapo, ujenzi mpya wa bwawa la Kidete, lililotegemewa kupunguza makali ya maji katika bonde hilo, ulijadiliwa bungeni kwa miaka mingi.

Nchini Kenya, silanga nyingi hutumika kwa shughuli zaidi ya moja. Mkulima hutaka bwawa lijae ili apate maji ya kunyunyizia mimea na kunywesha mifugo. Jirani anayeishi chini yake hutaka libaki na nafasi ya kupokea mafuriko. Bwawa lililojaa pomoni mvua ya masika inapoanza haliwezi kuzuia furiko lolote. Kila tone linaloingia linapaswa kutoka, na ikiwa njia ya kutokea ni nyembamba, maji yatapita juu ya ukuta.

Jinsi ukuta unavyoundwa

Ukuta wa udongo husimama kwa uzito wake. Kiini chake huwa cha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa udongo huo haupitishi maji kwa urahisi. Pande zote mbili huongezwa udongo mwingine kutengeneza mteremko wa taratibu. Upande unaogusa maji hufunikwa kwa mawe ili mawimbi yasiule. Upande wa nje hupandwa nyasi fupi zinazoshika udongo.

Chini ya ukuta hupita bomba la kutolea maji, ambalo huwa na valvu katika mabwawa yanayohifadhi maji na huachwa wazi katika yale ya kuzuia mafuriko. Kando ya ukuta huchimbwa mkondo mpana wa kupitishia maji ya ziada, ambao mafundi wa Tanzania huuita utoro. Mkondo huo huwa chini kidogo kuliko kilele cha ukuta. Maji yakizidi, hupitia hapo na kurudi mtoni mbali na kitako cha ukuta.

Nafasi inayobaki kati ya usawa wa mkondo huo na kilele cha ukuta ndiyo akiba ya usalama. Wengi huiona nafasi hiyo kuwa hasara, na wengine huinua mdomo wa mkondo kwa magunia ya mchanga ili kuongeza maji ya kiangazi. Kwa kufanya hivyo huwa wameondoa kinga ambayo mhandisi aliiwekea siku moja mbaya katika miaka mingi.

Hakuna ukuta wa udongo usiopitisha maji hata kidogo. Maji hupenya taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bwawa lililojengwa vyema huwa na tabaka la mchanga na kokoto ndani yake au kwenye kitako chake. Tabaka hilo huruhusu maji kutoka lakini huzuia chembe za udongo kuondoka nayo. Palipokosekana kichujio hicho, usalama wa ukuta hutegemea ubora wa udongo na uangalifu wa walioushindilia.

Njia mbili za maangamizi

Sehemu kubwa ya mabwawa ya udongo yanayovunjika duniani huangamizwa kwa njia mbili: maji kupita juu ya ukuta, na maji kula ukuta kwa ndani.

Maji yanapopita juu, huanzia mahali palipodidimia kidogo. Huteremka kwa kasi upande wa nje, hung'oa nyasi, huchimba mfereji, na mfereji huo hurudi nyuma hadi kwenye kilele. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Ukuta wa udongo huweza kukatika katika saa chache, au chini ya hapo. Pengo likifunguka, maji yenyewe hulipanua.

Kisa kinachofundishwa sana kuhusu kosa hili kilitokea Johnstown, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Mei 31, 1889. Wamiliki wa bwawa la udongo la South Fork walikuwa wamelifanya ziwa la burudani. Mabomba ya chini yalikuwa yameondolewa tayari, kilele kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapite, na nyavu zilikuwa zimewekwa kwenye mkondo wa maji ya ziada ili samaki wasitoroke. Mvua kubwa iliponyesha, takataka ziliziba nyavu hizo na maji yakapita juu ya ukuta. Watu 2,209 walikufa.

Hakuna badiliko hata moja kati ya hayo lililokusudiwa kuua. Kila moja lilionekana dogo na lenye manufaa. Uzio wa kuzuia samaki, daraja la miti juu ya mkondo, au kibanda kilichojengwa ndani yake wakati wa kiangazi ni mambo yanayoweza kuonekana katika silanga yoyote ya kijijini leo.

Njia ya pili haionekani kwa urahisi. Maji yanayopenya hupata upenyo mdogo, pengine pembeni mwa bomba, katika mzizi uliooza au kwenye shimo la mnyama. Yakianza kubeba chembe za udongo, upenyo hupanuka, kasi huongezeka, na kasi hiyo hubeba chembe nyingi zaidi. Mwishowe mfereji huunganisha bwawa na upande wa nje, na paa lake huporomoka. Bwawa laweza kuvunjika hivyo hata siku ya jua kali, bila wingu angani.

Udongo wenyewe una tabia zake. Udongo mweusi wa pamba hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Upo pia udongo ambao huyeyuka ukikutana na maji safi, na huo ni hatari sana kwa ukuta. Kipimo cha awali ni rahisi: kibonge kidogo hutiwa katika glasi ya maji masafi na kuachwa bila kutikiswa. Wingu la tope likisambaa kutoka kwenye kibonge, udongo huo haufai kutumiwa kabla ya kupimwa na mtaalamu.

Bwawa likavu huhadaa

Bwawa la kuzuia mafuriko lina hatari ambayo bwawa la kunyunyizia maji halina. Kwa miezi au hata miaka, hukaa bila maji. Ukuta hukauka na kupasuka, wanyama huchimba, vichaka huota, na watu husahau kwamba ni bwawa. Kisha siku moja hujaa kwa saa chache. Kwa ukuta uliokaa hivyo, kila furiko huwa kama mara yake ya kwanza kujazwa, na wahandisi wanafahamu kuwa wakati wa kujazwa mara ya kwanza ndio wa hatari kubwa zaidi.

Mfano mchungu wa miaka ya karibuni ulitokea Derna, mashariki mwa Libya. Mabwawa ya Abu Mansour na al-Bilad yalijengwa katika miaka ya 1970 ili kuukinga mji huo na mafuriko ya bonde ambalo kwa kawaida huwa kavu. Kuta zake zilikuwa za mawe na udongo zenye kiini cha mfinyanzi. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, tufani iliyoitwa Daniel iliyajaza yote mawili, nayo yakavunjika moja baada ya jingine. Maelfu ya watu walisombwa hadi baharini.

Kwa ukubwa, mabwawa hayo hayafanani na silanga ya shamba, kwani ukuta wa Abu Mansour ulikuwa na kimo cha mita 75 hivi. Hata hivyo, kisa chake kinafanana na cha mabwawa mengi yaliyotelekezwa. Mkataba wa ukarabati ulitiwa sahihi 2007, na kazi ikasimama wakati wa machafuko ya 2011. Ripoti ya ukaguzi wa serikali ya 2021 ilisema fedha zilizotengwa 2012 na 2013 hazikutumika. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Omar al-Mukhtar alichapisha onyo 2022. Mnamo Julai 2024, mahakama iliwatia hatiani maafisa 12 wa sasa na wa zamani.

Onyo lilikuwapo, fedha zilitajwa, na maafisa walijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba kazi imefanyika kabla ya mvua.

Udogo usiomaanisha usalama

Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huliita bwawa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au lenye kimo cha kati ya mita 5 na 15 likiwa na zaidi ya mita za ujazo milioni 3 za maji. Silanga nyingi za Kenya haziingii katika hesabu hiyo.

Kanuni za Kenya za 2007 kuhusu usimamizi wa rasilimali za maji ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. Daraja A lilikuwa la mabwawa yenye kina cha maji kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita 100,000. Daraja C lilikuwa la kina cha mita 15 kwenda juu au ujazo unaozidi mita milioni 1. Yaliyo katikati yaliwekwa katika Daraja B. Kanuni mpya zilitolewa 2021 chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Vipimo hivyo vina maana, lakini havitoshi. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja. Kwa hiyo hata bwawa la daraja la chini kabisa laweza kubeba makumi ya maelfu ya tani juu ya kijiji. Nchini Marekani, wakaguzi huweka kando ukubwa wanapopanga mabwawa kwa hatari. Bwawa ambalo kuvunjika kwake huenda kukaua watu huwekwa katika daraja la juu la hatari, hata liwe dogo na hata likiwa imara. Hali ya ukuta hupimwa katika orodha nyingine.

Mpangilio huo una mafunzo kwa Kenya kwa sababu watu huhama ilhali mabwawa hayahami. Silanga nyingi za mashamba zilichimbwa enzi za walowezi, wakati upande wa chini ulikuwa malisho au msitu. Baadaye mashamba yaligawanywa, familia zikapewa ploti, zikajenga nyumba, shule na makanisa. Ukuta ni ule ule, lakini hatari imekua mara nyingi bila mtu kuongeza hata toroli moja ya udongo.

Kwa upande mwingine, bwawa lenyewe hubadilika. Misitu ikikatwa na miteremko ikilimwa, mvua ile ile hufika kwa kasi zaidi ikiwa imebeba udongo. Tope hujaza sakafu na kupunguza nafasi ya maji. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 karibu na Kibera, lilimezwa na tope, takataka na gugumaji hadi likapoteza sehemu kubwa ya nafasi yake. Bwawa lililojaa tope hufurika mapema kuliko mhandisi wake alivyokadiria.

Tuta ambalo halikuitwa bwawa

Hatari nyingine ni ile ya tuta ambalo halipo katika orodha yoyote ya mabwawa. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalivamia eneo la Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, na kuua makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema bwawa limevunjika. Baadaye maafisa wa serikali walieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya kupitishia maji chini yake kuzibwa na takataka.

Kwa waliofiwa, tofauti hiyo haikubadilisha chochote. Kwa upande wa usalama, ni funzo kubwa. Tuta lolote la reli au barabara linalokatiza bonde huwa bwawa pindi kalvati yake inapozibwa, ingawa halikujengwa kuhimili maji. Halina kiini cha mfinyanzi wala mkondo wa maji ya ziada.

Siku chache baada ya mkasa huo, serikali iliwaagiza watu waliokuwa wakiishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 zilizokuwa zimejaa au kukaribia kujaa katika kaunti 33 wahame kwa muda wa saa 24. Agizo hilo lilionyesha ukubwa wa tatizo. Lilionyesha pia kwamba kazi ambayo ingefanywa kwa utulivu wakati wa kiangazi ilifanywa kwa haraka katikati ya mvua.

Ishara za kutazama

Ukaguzi wa mara kwa mara wa bwawa dogo hauhitaji mitambo. Unahitaji mtu mmoja anayetembea ukutani kwa utaratibu, akiwa na daftari, kamba ya kupimia, ndoo na saa. Ni vyema afanye hivyo kila mwezi wakati wa kiangazi, kila wiki wakati wa mvua, na kila siku maji yanapokaribia mkondo wa ziada. Ukuta ukipanda maji kwa kasi usiku, utazamwe usiku huo huo kutoka mahali salama.

Kwanza ni kilele. Kinapaswa kuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na bonde, hapo ndipo maji yatapita. Ufa unaofuata urefu wa ukuta huweza kuashiria kwamba upande mmoja unateleza. Ufa unaokatiza ukuta kutoka upande wa maji hadi upande wa nje ni wa hatari zaidi, kwani ni njia iliyo tayari kupitisha maji. Upana na urefu wa kila ufa uandikwe pamoja na tarehe.

Pili ni mteremko wa nje na kitako chake. Mahali penye nyasi za kijani kibichi wakati kwingine kumekauka huonyesha maji yanayopenya. Maji yakichuruzika yakiwa masafi, na kiasi chake hakiongezeki, hali hiyo yafaa kupimwa na kufuatiliwa. Ndoo ikijaa kwa dakika tano mwezi huu na kwa dakika mbili mwezi ujao ilhali bwawa liko kwenye usawa ule ule, kuna tatizo linalokua. Maji yakiwa na rangi ya tope, ukuta unaliwa kwa ndani na hiyo ni dharura.

Tatu ni mimea na wanyama. Nyasi fupi ni rafiki wa ukuta, lakini miti ni adui. Mizizi hupenya, na mti ukifa huoza na kuacha mirija ndani ya udongo. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oka na kipande cha ukuta. Hata hivyo, miti mikubwa iliyokwisha kukomaa isikatwe ovyo bila ushauri, kwa sababu mizizi itakayooza huleta hatari ile ile. Mashimo ya fuko, nungunungu na mhanga, pamoja na vichuguu vya mchwa, yachimbuliwe na kujazwa udongo ulioshindiliwa. Mifugo isipitishwe ukutani, maana njia zake hugeuka mifereji.

Nne ni mkondo wa maji ya ziada na bomba. Mkondo uwe wazi, usilimwe, usijengwe, wala usiwekewe nyavu au magunia. Bomba lisafishwe mdomo, na valvu, ikiwa ipo, ifunguliwe na kufungwa angalau mara moja kwa mwaka ili isishikwe na kutu. Udongo ulio kandokando ya bomba utazamwe kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo maji hupenda kupenya.

Tano ni bwawa lenyewe. Shimo linalotokea ghafla ukutani, au maji yanayozunguka kama kimbunga kidogo karibu na ukuta, ni dalili kwamba mfereji umefunguka chini.

Hatari inapobisha hodi

Jambo la kwanza ni kuwahamisha watu walio chini, kisha kuushughulikia ukuta. Mara nyingi mpangilio huu hugeuzwa. Vijana huitwa waje na majembe ilhali watoto wamelala kwenye njia ya maji. Chifu, mzee wa mtaa na polisi wajulishwe mara moja, na ishara ya kuhama iwe imekubaliwa mapema barazani: kengele ya shule, firimbi, au kipaza sauti cha msikiti au kanisa. Kila nyumba ijue kilima cha kukimbilia. Mjini Derna, wakazi walipewa maagizo yanayokinzana usiku ule, na muda wa kuokoka ukapotea.

Maji yapunguzwe kwa kufungua bomba au kutumia pampu, lakini yasishushwe kwa kasi ikiwa hakuna dharura. Udongo uliolowa upande wa ndani huegemea maji, na yakiondolewa ghafla huweza kuteleza.

Mahali panapotoa maji ya tope pasizibwe kwa mfinyanzi au saruji kutoka nje. Maji yaliyozuiwa hutafuta upenyo mwingine, na shinikizo huongezeka ndani ya ukuta. Wahandisi hutandaza mchanga, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Kazi hiyo hufanywa tu ikiwa bado ni salama kusogea. Wala ukuta wenyewe usichimbwe ili kupunguza maji, kwa sababu mfereji uliochimbwa kwa jembe huweza kupanuka hadi usidhibitike.

Nani ana wajibu?

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji, ujenzi wa bwawa na matumizi ya maji huhitaji idhini ya WRA. Kibali si karatasi ya kutozea ada tu. Ndicho kinachomlazimu mmiliki kuwa na mchoro wa mhandisi, na kinachoifahamisha serikali kwamba bwawa lipo. Bwawa lisilosajiliwa halikaguliwi, kwa kuwa hakuna afisa anayejua aende kukagua nini.

Wajibu wa kwanza ni wa mmiliki, awe mtu binafsi, kampuni, shule au kikundi cha wakulima. Tatizo hutokea pale mmiliki asipojulikana. Bwawa la mlowezi lililorithiwa na ushirika uliosambaratika, au lililojengwa na mradi uliokwisha, huachwa kama mali ya wote ambayo hakuna anayeitunza. Hapo serikali ya kaunti, chama cha watumiaji maji wa eneo hilo na WRA wanapaswa kukubaliana kwa maandishi ni nani atakayefyeka, atakayekagua na atakayepigiwa simu usiku. Bwawa ambalo halihitajiki tena na halina wa kulitunza ni heri liondolewe kwa usimamizi wa mhandisi kuliko kuachwa lingojee mvua.

Wanaoishi chini ya bwawa nao wana haki ya kuuliza maswali machache: lilijengwa lini na nani, lina kibali, lilikaguliwa mara ya mwisho siku gani, mkondo wake wa maji ya ziada uko wazi, na likivunjika maji yatapita wapi. Ikiwa hakuna ofisi inayoweza kuyajibu, hilo lenyewe ni jibu, na lafaa kuwafikia maafisa wa WRA kwa barua kabla ya masika.

Baada ya Solai, kesi ya mauaji ya bila kukusudia ilifunguliwa mwaka uo huo wa 2018, nayo ikafuatwa na miaka ya mivutano mahakamani. Mahakama yaweza kuamua ni nani aliyekosea, lakini haiwezi kurudisha kijiji. Kazi ya kukilinda kijiji hufanywa wakati jua linapowaka, nyasi zimekauka na bwawa likionekana halina madhara, na mtu mwenye daftari akitembea ukutani kutafuta ufa.